Amekwisha kusoma, mbona aenda tena?



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja wa hapa pwani ambayo tumeona tusiijibu faraghani, kwa kuwa swali lake linazidi kubisha hodi katika nyumba zetu. Mama huyu ana binti aliyehitimu shahada ya uzamivu, ile iitwayo PhD, katika fizikia ya picha za tiba. Jamaa walikwisha kupika pilau, wakamwita binti "daktari", wakadhani chombo kimefika bandarini. Sasa binti amekuja na habari nyingine: amepata nafasi ya miaka miwili katika maabara ya chuo kikuu kimoja ng'ambo, na barua imempa wiki tatu za kujibu. Mama auliza: "Sheikh wetu, hii ni kazi au ni masomo? Kama ni kazi, mbona ina mwisho? Kama ni masomo, mbona hayaishi? Na mchumba aliyengoja miaka minne tumwambie nini?"

Twamshukuru mama huyu kwa kuuliza kabla ya kukataza. Zipo nyumba zinazokataza kwanza zikauliza baadaye, nafasi ikiwa imekwenda kwa mwingine. Zipo pia zinazoshangilia kwanza kwa kusikia jina la nchi, zikaja kuuliza binti akiwa amekwisha kufika na mkataba umemkaba. Sisi twasema kwamba nafasi ya namna hii isipimwe kwa jina la nchi wala kwa wingi wa mshahara. Ipimwe kwa kile ambacho binti ataweza kukifanya kwa mkono wake mwenyewe siku muda huo utakapokwisha. Haya yafuatayo yote twayaeleza ili familia iweze kupima kwa kipimo hicho.

Kukaa kwa mwalimu baada ya kuhitimu

Nafasi hii huitwa utafiti wa baada ya uzamivu, na vijana wenyewe huiita "postidoki". Anayeishika hafanyi mtihani, halipi karo, wala hapewi shahada nyingine mwishoni. Hulipwa. Lakini pia si mwajiriwa wa kudumu: mkataba wake aghalabu ni wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, na huweza kuongezwa maadamu fedha za mradi zipo.

Sababu ya kuwapo kwa daraja hili ni nyepesi kuifahamu. Aliyepata uzamivu amethibitisha kwamba anaweza kuukamilisha utafiti mmoja akiwa chini ya uangalizi. Bado hajathibitisha kwamba anaweza kubuni utafiti wake, kuutafutia ruzuku, kuwaongoza wanafunzi, na kusimama mbele ya wataalamu akautetea. Hayo hayafundishwi darasani. Hujifunzwa kwa kukaa karibu na mtu ayajuaye na kuyatenda pamoja naye.

Sisi wa madrasa jambo hili halikupasa kutushangaza. Mwanafunzi akimaliza vitabu vyake, mwalimu mwenye hekima hamwachi aondoke siku ile ile. Humwambia akae. Humpa watoto wadogo awasomeshe yeye akisikiliza, humwachia baadhi ya maswali ya watu, humwonyesha namna ya kusema "hili silijui" pasipo kuona haya. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivuka bahari hadi Hadhramaut wakiwa tayari ni wasomi, wakakaa kwa mashekhe wa huko, kisha wakarudi kufungua vyuo hapa. Hakuna aliyewacheka kwamba masomo yao hayaishi. Watu walijua kwamba kusoma ni jambo moja na kuwa mwalimu ni jambo jingine, na kwamba baina ya hayo mawili kuna muda wa kukaa.

Taswira za mwili ni elimu gani

Kila mama aliyekwenda kliniki akiwa mjamzito ameiona elimu hii kwa macho yake. Ile mashine ya altrasaundi hutuma sauti kali zisizosikika kwa sikio, sauti hizo hugonga mwili wa mtoto tumboni na kurudi, na kompyuta huyageuza marudio hayo kuwa picha. Eksirei ni kongwe zaidi. Wilhelm Röntgen aliigundua mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, na picha iliyompa sifa ni ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana pamoja na pete kidoleni.

Mizizi ya elimu yenyewe ya nuru na kuona ni ya zamani kuliko hapo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo, alieleza katika karne ya 11 kwamba jicho huona kwa nuru inayoingia ndani yake kutoka kwenye vitu, akalithibitisha jambo hilo kwa majaribio badala ya kutosheka na maneno ya waliomtangulia. Kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Katika karne iliyopita elimu hii ilipanuka kwa kasi. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mwaka 1956, na huko akaanza kutafuta hesabu za kuunganisha eksirei zilizopigwa kutoka pande nyingi ili zionyeshe kilichomo ndani ya mwili. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, bila ya kushirikiana naye, aliunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kichwani mjini London mwaka 1971. Hiyo ndiyo skani ya CT, na wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Ikafuata MRI, ambayo haitumii eksirei. Hiyo hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kuyasikiliza maji yaliyomo mwilini, kwa sababu chembe za haidrojeni ndani ya maji huitikia wito wa sumaku.

Hapa inafaa familia ipambanue watu watatu, kwani wengi huwachanganya. Yupo fundi anayempiga mgonjwa picha. Yupo daktari anayeisoma picha na kuandika ripoti. Na yupo mwanasayansi anayebuni njia ya kuipata picha yenyewe: iwe safi zaidi, ichukue dakika chache zaidi, imdhuru mgonjwa kidogo zaidi, au imgharimu fedha chache zaidi. Binti wa mama huyu ni wa tatu. Kwa hiyo majirani wakimletea mtoto mwenye homa wakamwambia "si wewe ni daktari?", aelezewe mapema, naye asione vibaya kueleza.

Kazi yake ya kila siku haina mbwembwe. Huandika programu za kompyuta. Hutengeneza umbo bandia lililojazwa maji au jeli, akalipiga picha mara nyingi kabla ya kumgusa binadamu. Huomba idhini ya kamati ya maadili, kwa kuwa mwili wa mtu ni amana na picha zake ni siri yake. Hukaa na madaktari, wahandisi, wanakemia na wajuzi wa akili unde, kila mmoja na lugha yake. Majaribio mengi hushindikana. Kidogo kinachofaulu huandikwa makala, na makala hizo ndizo mtaji wake wa baadaye.

Miaka miwili inaweza kuzaa nini

Tutoe mfano wa mtu mmoja. Peter Mansfield, mwana wa familia ya kawaida ya London, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15 akafanya kazi katika matbaa. Akarudi kusoma usiku, akafika chuo kikuu, na mwaka 1962 akapata uzamivu. Kisha akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois, akakaa miaka miwili kwa mwanafizikia Charles Slichter akiwa katika daraja hili hili tunalolizungumza. Alichokichunguza huko kilihusu metali, wala hakikuwa na uhusiano wowote na wagonjwa. Mwaka 1964 alirudi kwao, akaajiriwa kuwa mhadhiri Nottingham, na elimu aliyoipata ikamsaidia baadaye kubuni njia za kupiga picha ya MRI kwa haraka. Mwaka 2003 yeye na Paul Lauterbur walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hatusemi kwamba kila aendaye atarudi na tuzo. Tunaloliangalia hapa ni kwamba alikwenda kwa muda maalumu, akakaa kwa mwalimu anayejulikana, akajifunza kitu ambacho hakukuwa nacho, kisha akaondoka akiwa na uwezo wa kusimama peke yake.

Na wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya starehe za nchi tajiri. Huko Blantyre, Malawi, Dakta Terrie Taylor, mwanamke aliyeutumia umri wake mwingi kuwatibu watoto wenye malaria ya ubongo, pamoja na wenzake, waliwapiga watoto hao picha za MRI. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2015 yalihusu watoto 168. Kati yao 25 walifariki, na 21 katika hao 25 walikuwa na ubongo uliovimba mno walipofikishwa hospitalini. Kati ya 143 walionusurika, wenye uvimbe mkubwa kama huo walikuwa 39 tu. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakibishana ni nini hasa kinachowaua watoto hawa hata baada ya kupewa dawa. Picha ndizo zilizowaonyesha wapi pa kutazama. Mama yeyote wa pwani aliyewahi kukesha na mtoto mwenye degedege hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Karibu zaidi na sisi ni Mbarara, Uganda. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha huko, wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, na wa Penn State, Marekani, waliunganisha papo hapo mashine ya MRI ambayo sumaku yake ni dhaifu mara thelathini hivi kuliko ya mashine za kawaida za hospitali. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, lakini zimekusudiwa kutosha kumwonyesha daktari maji yaliyojaa kichwani mwa mtoto, maradhi ambayo Uganda inayajua sana. Mashine ya namna hiyo haihitaji jengo la mamilioni, na wenyeji wanaweza kujifunza kuiunda na kuitengeneza inapoharibika. Kazi kama hii huhitaji watu waliokwenda, wakajifunza kwa undani, na wakajua nini cha kuchukua na nini cha kuacha.

Fedha, mkataba na viza

Sasa tuingie katika mambo ambayo familia huyaulizia kwa sauti ya chini.

La kwanza ni fedha. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, mwaka 2024 ziliweka dola 61,008 kwa mwaka kuwa kiwango cha kuanzia kwa wafadhiliwa wao wa daraja hili. Baadhi ya ufadhili huo ni wa raia na wakaazi wa kudumu pekee, lakini vyuo vingi hukitumia kiwango hicho kuwa kipimo cha kuwalipa watafiti wao. Ukigeuza kwa shilingi utapata karibu milioni nane, na hapo ndipo wajomba huanza kutaja paa la nyumba na ada za wapwa. Tuwe waadilifu. Katika mji kama Boston kodi ya nyumba hula sehemu kubwa ya mshahara, kisha yaja kodi ya serikali, nauli na chakula. Mtafiti huyu ataishi vyema kiasi, hatakuwa tajiri. Familia ikubaliane naye kabla hajapanda ndege ni kiasi gani ataweza kutuma, na kiasi hicho kiwe kidogo. Twajua vijana waliokuwa wakifanya vibarua vya usiku ili kuwaridhisha watu wa nyumbani, na utafiti ukalala.

La pili ni chanzo cha fedha. Baadhi hulipwa kutoka katika mradi wa mwalimu mkuu wa maabara. Mradi ukiisha, nao mkataba huisha. Wengine huja na ufadhili wao wenyewe, na hao huwa na uhuru zaidi. Mpango wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie, kwa mfano, hupokea watafiti wa uraia wowote wenye uzamivu, hutoa mwaka mmoja hadi miwili ndani ya Ulaya, na una posho ya familia kwa anayestahiki. Sharti lake moja ni kwamba mwombaji asiwe amekaa katika nchi anayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia.

La tatu ni viza, na hapa ndipo swali la mchumba linapoingia. Katika viza ya Marekani ya J-1, ambayo watafiti wengi hupewa, mume au mke anayefuatana na mtafiti anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Katika viza ya H-1B, kwa kawaida mwenzi hana ruhusa hiyo. Kwa upande mwingine, baadhi ya wenye J-1 hulazimika kurudi kwao kwa jumla ya miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kupata ukaazi wa kudumu. Mchumba aliyengoja miaka minne ana haki ya kuyajua haya yote kabla ya kuulizwa kama yu radhi kungoja zaidi. Pengine jibu ni kufunga ndoa kabla ya safari na kwenda wote wawili. Pengine kazi yake haimruhusu kuondoka. Kwa vyovyote vile, aambiwe ukweli kwa tarehe na kwa hesabu, asiachwe akibahatisha. Na kuhusu hukumu ya safari ya mwanamke, wanazuoni wameizungumza kwa mapana. Kila familia imwendee sheikh wake mapema, si wiki ya kuondoka.

Mambo yanayomhusu mwanamke

Akina mama wasione haya kumwuliza binti kuhusu mwili wake na kazi yake. Akifanya kazi katika maabara ya PET, ambako dawa zenye mnururisho hutumiwa, na akashika mimba, inampasa kumjulisha msimamizi wa usalama mapema. Kanuni za kimataifa zinataka mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisivati moja kwa muda uliobaki wa ujauzito, na maabara huweza kumbadilishia majukumu. Asifiche kwa kuhofia kupoteza nafasi.

Kwa wanaofanya kazi na MRI, lipo jambo dogo ambalo mabinti wetu hujifunza siku ya kwanza. Pini ya ushungi haiingii chumba cha sumaku. Sumaku ile haizimwi mashine inapopumzika, nayo huweza kuipokonya pini ikaruka kama risasi. Ushungi wa kuvaa bila pini hutosha, na wengi huufanya kuwa vazi lao la kazini.

Likizo ya uzazi hutofautiana sana. Ujerumani sheria humlinda mama kwa wiki sita kabla ya kujifungua na nane baadaye. Marekani sheria ya taifa hutoa wiki 12 bila malipo, tena kwa aliyetimiza mwaka mmoja kazini mahali penye waajiriwa wa kutosha, na mengineyo hutegemea chuo. Bima ya afya iwe ya familia nzima, na maandishi yaonekane.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Kwa binti mwenyewe, na kwa baba na mama watakaoketi naye, twapendekeza maswali haya yaulizwe kwa barua au kwa simu ya video, bila woga, kwa kuwa maabara nzuri huyatarajia.

Waliotangulia katika nafasi hii wako wapi leo? Apewe anwani za wawili watatu azungumze nao. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Wakiwa wamesimama mahali pazuri, katika vyuo, hospitali, viwanda vya mashine au taasisi za serikali, hiyo ni dalili njema. Wakiwa wameondoka kabla ya muda, aulize kwa nini.

Mwalimu mkuu huonana na watafiti wake mara ngapi? Jina kubwa lisiloonekana maabara halimfunzi mtu.

Jina lake litaandikwa wapi katika makala? Na mwisho wa mkataba, ni sehemu gani ya kazi anaruhusiwa kuondoka nayo ili aanzishe utafiti wake?

Fedha zimehakikishwa kwa muda gani? "Mwaka mmoja, na huenda tukaongeza" si sawa na miaka miwili.

Na tahadhari moja. Nafasi ya kweli haimtozi mwombaji ada ya kuipata. Huja baada ya maombi, barua za walimu wanaomjua, na mahojiano ambamo aghalabu hutakiwa kuueleza utafiti wake mbele ya maabara nzima. Gharama za viza zipo, na hizo hulipwa serikalini au kupitia chuo kwa njia rasmi. Anayeomba fedha kwa simu ili "ahifadhi nafasi" ni mwizi, hata akiwa na nembo nzuri kwenye barua yake.

Marejeo

Ukweli mwingine usifichwe. Katika nchi nyingi viti vya uprofesa ni vichache kuliko watafiti wanaovitamani, na wengi wa wanaopita daraja hili huishia kazi nyingine. Hilo si hasara likijulikana mapema. Hasara ni kukaa mkataba baada ya mkataba, miaka kumi, kwa matumaini yasiyo na msingi. Binti ajiwekee kikomo tangu mwanzo.

Hapa nyumbani hatukosi kazi ya kumngojea. Mwaka 2015 serikali yetu ilianza mpango wa kuzipelekea hospitali za kaunti zote 47 vifaa vya kisasa, zikiwamo mashine za picha, na baadaye ikadhihirika kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika mahali ambapo wataalamu au miundombinu haikutosha. Mashine hununuliwa kwa mkataba wa siku moja. Mtu wa kuifahamu huchukua miaka ishirini kumpata. Si lazima pia kila mmoja avuke bahari: Kilifi pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, na ijapokuwa picha si mhimili wake, kimewalea watafiti wengi wa Kiafrika. Cape Town, mji ule ule wa Cormack, una kituo chake cha utafiti wa taswira. Maabara ya karibu yenye mwalimu anayefundisha ni bora kuliko ya mbali yenye mwalimu asiyepatikana.

Mama yetu, jibu letu ni hili. Mketishe binti, baba yake na mchumba wake pamoja. Mpeni nafasi aeleze kwa lugha ya nyumbani, hadi bibi aelewe, ni kitu gani atakijua baada ya miaka miwili asichokijua leo. Akiweza kukitaja, na maswali tuliyoyaorodhesha yakapata majibu ya maandishi, mpeni ruhusa na dua, wala msimhesabu kuwa amechelewa. Asipoweza kukitaja, basi na aandike kwa maabara aulize, kwani wiki tatu zatosha kwa hilo. Na mkikubaliana akatae, akatae kwa adabu na kwa sababu, ili mlango usifungwe nyuma yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awarejeshe salama.